Goli la Mikidadi, Siku Ebo Alipotafuta Kuku

Mheshimiwa Bwana DC, Liwali wetu, mashehe na mapadri mlioketi benchi moja kwa amani ya mpira, ndugu wageni waalikwa wa Nachingwea na Ruangwa, nanyi mliokwea juu ya matrekta, mtashuka taratibu tukimaliza:

Mimi Hasani, dereva wa lori na mwenyekiti wa timu, nimefika Burma, Bombay na Kolombo. Shule niliiacha darasa la pili, mwalimu alipoishiwa ya kunifundisha. Basi nikisema mchezaji kama huyu kijana Ebo Kwansa wa Goldikosti, huko Afrika Magharibi, sijamwona, jueni nimetafuta. Alikuja kutengeneza matrekta ya mashamba ya karanga, akatutengeneza sisi. Kesho anakwenda Uingereza, na huko kucheza mpira ndiyo itakuwa kazi yake. Watu wa Matambarale wamechakaza nyayo kumfuata uwanjani. Ruponda watoto wangapi wanaitwa Ebo? Hata wa kike yupo!

Lakini mapenzi yenu yana kasoro, na leo nitaisema.

Mnaikumbuka mechi ya Ruangwa? Mgeni asiye na mtani ni yatima. Kwa hiyo sisi Wamwera tulimfanya Ebo ndugu yetu, na watani zetu Wamakonde wakawa watani wake. Na mtani hachagui siku. Asubuhi ya mechi Bi Teodosia, Mmakonde huyu, akavikalia viatu vya Ebo: "Weye Mmwera wa kuletwa na meli! Viatu vitatoka kuku akiingia!" Ebo, masikini, akadhani amekosa adabu kweli, akatoka mbio kutafuta kuku.

Kipenga kikalia. Mlipoona Ebo hayumo, mlifanya nini? Mlikwenda zenu! Vijana wetu wakacheza mbele ya mbuzi. Na huyu Mikidadi, anayejificha nyuma ya golikipa, akautuliza mpira kifuani, akawaacha mabeki wawili wameshikana wenyewe, akafunga. Tukashinda! Ebo akarudi, kuku kwapani, akakuta uwanja mweupe. Mpaka leo mnasema goli lile ni la Ebo. Alifunga na kuku?

Juzi nimemwuliza tumpe zawadi gani. Akanijibu, "Mzee Hasani, mimi nilikuwa natafuta kuku. Goli ni la Mikidadi. Waambie watu."

Nimewaambia.

Sasa wako wanaonong'ona kwamba Ebo akiondoka, timu ivunjwe. Ivunjwe na nani, nami nipo? Jumamosi Lindi wanakuja, nasi tutacheza: mvua inyeshe tutacheza, wajigambe wanavyojigamba tutacheza. Swali ni moja, na Ebo anataka jibu kabla hajapanda gari: nani atakuja, na nani atabaki mpaka kipenga cha mwisho? Mikono juu!

Shaban, huo ni mkono au unajikuna? Juu! Albina, na mtoto mgongoni, mikono yote miwili, Mungu akubariki. Watu wa Narung'ombe, nawaona. Bi Teodosia, nawe? Haya!

Mikidadi, inua kichwa, mwanangu. Tazama. Hawa ni wako.

Ebo, nenda salama. Umewaona kwa macho yako. Bwana DC, asante kwa kiwanja. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza. Mikono sasa mnaweza kuishusha.