Yuliana Mugeta, Aliyeaminiwa na Madereva wa Treni za Mizigo

Ndugu waombolezaji, tunayemzika hapa Murangi ni Yuliana Mugeta Makongoro. Ninayesoma ni mdogo wake, Makongoro. Familia imenituma niseme na yale magumu, kwa kuwa mwenyewe alikataa yafichwe.

Alizaliwa hapa Murangi tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa marehemu mzee Mugeta na mama Recho. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari Musoma. Alipochaguliwa chuo cha reli Tabora watu walishangaa, maana kwetu hakuna reli. Mama alimuuliza kama treni nayo huwa inalala.

Tarehe 19 Septemba 1992, katika kanisa la Nyegina, alifunga ndoa na mwalimu Silasi Nyamhanga wa Bunda. Walijaliwa watoto wawili. Silasi alitangulia mwaka 2011.

Kuanzia mwaka 1997 marehemu alikuwa mwongozaji wa treni huko Tabora. Kwa redio aliwaambia madereva wa mizigo wapi wasimame na lini waondoke. Dereva akiwa porini haoni kilichoko mbele. Anakwenda kwa neno la mtu asiyemwona. Waongozaji wengine, njia ikifungwa, walisema "dakika kumi tu," na dereva akakaa nusu siku. Yuliana hakuwa hivyo. "Mwikwabe, pika ugali," alimwambia dereva mmoja, Mwikwabe Wambura wa Butiama. "Hapo huondoki leo." Ndipo walipoanza kuaminiana. Walifanya kazi miaka mitatu bila kuonana. Siku Mwikwabe alipompelekea samaki wa furu waliokaushwa, alisimama mlangoni akacheka: "Kumbe mwenye hii sauti ni mfupi hivi!"

Mchana wa tarehe 22 Aprili 2016 mvua kubwa ilinyesha njia ya Mwanza. Mwikwabe, akiwa na msaidizi wake Fredy Masatu, kijana wa Bunda, aliita kwa redio.

"Dada, huko mbele kuna maji?"

Yuliana alikuwa na taarifa ya mafundi wa njia kwamba daraja lililoko mbele ni zima. Ilikuwa ya asubuhi, kabla ya mvua. Hakuwauliza tena.

"Njia ni nzima. Njoo."

"Ukisemaga wewe, mimi sina swali. Nakuja."

Daraja lilikuwa limeondoka na maji, treni ikatumbukia. Fredy alifia pale pale. Mwikwabe alikatwa mguu wa kushoto.

Wachunguzi hawakumtia Yuliana hatiani. Hata hivyo alikwenda hospitali, akamwambia Mwikwabe, "Nilitakiwa niulize tena. Sikuuliza." "Ungeniambia ulifuata taarifa, ningekuchukia," alisema Mwikwabe.

Kisha Yuliana alikwenda Bunda kwa Mama Boke, mzazi wa Fredy. Aliketi chini akaeleza yote. "Mwanangu alikuwaga anakutaja sana hapa nyumbani," mama yule alisema. "Nimekusamehe. Ila usirudi tena." Hakurudi. Kila Aprili aliomba Fredy atajwe kwenye misa.

Alirudi kazini, lakini baadhi ya madereva walikataa kuondoka mpaka wasikie sauti ya mwongozaji mwingine. Hakuwalalamikia. Alivumilia hivyo mpaka alipostaafu mwaka 2021, akaja kuishi Kitaji, Musoma.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Mwanza. Sisi ndugu tulikuwa tukimwambia atapona. Juni mwaka huu alimwita Mwikwabe, ambaye alikuja kwa magongo yake kutoka Butiama. "Hawa wananidanganya," alimwambia. "Sema wewe." Mwikwabe alimshika mkono. "Huponi, dada yangu." Nilikuwepo. Nilikasirika sana, lakini yeye alishukuru, akaomba padri aitwe.

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Agosti 2025, nyumbani Kitaji, akiwa na umri wa miaka 59.

Tulimpelekea taarifa Mama Boke. Hakuja, na hatumlaumu.

Marehemu ameacha mama yetu Recho, watoto wake Happyness na Brian, wajukuu watatu, sisi wadogo zake, na Mwikwabe Wambura, ambaye familia imemketisha leo pamoja nasi wafiwa.

Bwana awapumzishe, yeye na Fredy Masatu.