Mama Pindo na Nguo Iliyofanya Kazi

Marehemu, ambaye wateja walimwita Mama Pindo hata wakasahau jina lake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa nne wa seremala na mkewe. Alisoma hadi darasa la saba. Ada ya kuendelea ilikosekana, akafundishwa kushona na shangazi yake, na mwaka 1971 akafungua kibanda karibu na stendi: cherehani kimoja, benchi moja.

Hapo ndipo alipompata mumewe, fundi baiskeli wa jirani. Kijana huyo alileta suruali ileile mara tatu, kila mara imechanika mahali papya. Mara ya nne Mama Pindo akamwambia, "Kaka, sema unachotaka kabla hujabaki uchi." Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu, wote wakikulia chini ya meza ya cherehani.

Kazini hakuwa na mzaha. Aliinua kitambaa kwenye mwanga, akakivuta kidogo kwa vidole viwili. Kikiwa kimechoka, hakishiki uzi, alikirudisha hata kama mteja ameshatoa pesa. "Mwanangu, nikikushonea hii nakuibia. Nguo imefanya kazi. Iache ipumzike."

Agosti mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukasambaa hadi mapafuni. Mwezi Aprili alilazwa akihema kwa shida. Daktari aliwaambia wanawe bila kuficha: mashine ingempumulia, lakini saratani isingeguswa. Mwanawe mkubwa alikuwa ameshampigia dalali.

"Mama, tutauza nyumba. Hata vyerehani tutauza."

"Mkishauza, mtanirudisha wapi?"

"Watu watasema tumekuacha ufe."

"Hao watu hawajawahi kuninunulia hata sindano." Akaivuta ngozi ya mkono wake kwa vidole viwili. "Haya, wewe umekulia kibandani. Inashika uzi hii?"

Mwanawe alilia, kisha akampigia dalali tena, kumwambia asije.

Mama Pindo alirudi nyumbani, kitandani kwake, dirisha likiwa wazi upande wa barabara. Alipoletewa na muuguzi dawa ya kutuliza maumivu, akalala usingizi, akala, akamkosoa mjukuu kwa pindo lililopinda. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Familia inamshukuru muuguzi huyo, na daktari aliyesema kweli pale ambapo matumaini ya uongo yangeuzika kwa bei ya nyumba. Kufa bila maumivu kusiwe anasa. Kila mgonjwa aipate dawa ile, awe na nyumba ya kuuza au asiwe nayo.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na mitaa mizima inayotembea na mapindo yake.

Nguo imefanya kazi, Mama. Ipumzike kwa amani.