Maisha ya Fundi Zephania Mrutu na Picha Tatu za Nyonga Yake

Marehemu Zephania Mrutu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huku Gonja milimani, Wilaya ya Same, mtoto wa nne wa Mzee Gideoni na Mama Dorkas. Alibatizwa akiwa na wiki sita. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Sekondari hakuchaguliwa, akashika mwiko wa uashi. Kuanzia hapa hadi Maore, nyumba nyingi zimesimama kwa mkono wake.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na Eliwaza. Mungu akawajalia watoto watatu.

Jumamosi tarehe 1 Juni 2024 alikuwa kwenye msaragambo, wanakijiji wakiziba pamoja ukuta wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Jiwe likaserereka, likamgonga kiunoni, akaanguka. Hospitalini alipigwa eksirei, na daktari kijana hakuona palipovunjika.

“Mwanangu, mimi ni mwashi,” marehemu akamtania. “Ukuta una mbele na nyuma. Zunguka nyuma!”

Sote tulicheka, tukamrudisha nyumbani. Dada yake Blandina akamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, kama tulivyozoea.

“Taratibu, dada. Unanikanda mimi au unakanda unga?”

“Nyamaza, upone.”

Jumatatu alizimia, tukamrudisha hospitalini. Altrasaundi haikukuta damu tumboni. Jumanne tukamkimbiza Moshi kwenye kipimo kikubwa cha sitiskani. Daktari wa huko alimweleza Eliwaza polepole: eksirei ilipigwa kwa mbele, na matumbo yakaufunika mfupa wa nyuma wa nyonga; altrasaundi iliangalia ndani ya tumbo, wakati damu ilikuwa inajikusanya nyuma yake; sitiskani hukata picha vipande vipande, ndiyo maana imeona vyote. Akamwonyesha ufa kwa kidole.

“Sasa si umeshauona, baba? Mtengenezeni.”

“Mama, damu imepotea nyingi mno. Tunamwongezea, haikai.”

Eliwaza akamshika mumewe miguu, akaomba kwa Kipare. Saa nane na dakika kumi mchana, tarehe 4 Juni 2024, marehemu alikata roho.

Ameacha mjane, Eliwaza, watoto Joel, Magreth na Diana, wajukuu watano, na dada yake Blandina, ambaye tangu Jumanne hali chakula, anaitazama tu mikono yake iliyomkanda. Dada, tuliambiwa hakuna kilichovunjika. Sote tuliamini, na maji tulikuchemshia sisi.

Ee Bwana, sisi hatukuona. Mpokee Zephania, apumzike kwako kwa amani, na umshike Blandina.