Mhandisi Kanana Kaimenyi, Aliyewaunganisha Watoto kwa Waya wa Simu

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu mliotoka hapa Grand Prairie, na ninyi mliokuwa barabarani tangu alfajiri kutoka Houston na Missouri City, familia inawashukuru kwa kuja, na inaomba mtulie kidogo tuwasimulie maisha ya mama yetu, dada yetu na mke wa Samson, kama tulivyoyajua sisi tulioishi naye.

Marehemu Kanana alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Igoji, Meru, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Festus Mutwiri, fundi wa redio, na Mama Julia Mutwiri, mkulima wa kahawa, wote wawili sasa marehemu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Igoji, akaendelea na shule ya upili ya wasichana mjini Meru, na mwaka 1988 akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea uhandisi wa umeme, katika darasa ambalo wasichana walitosha kukaa benchi moja. Alihitimu mwaka 1992, na Jumamosi tarehe 19 Desemba mwaka huo huo akafunga ndoa na Bwana Samson Kaimenyi katika Kanisa la Methodisti, Nkubu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kendi, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1993, na Kirimi, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1995 huko Arlington, mwaka mmoja baada ya familia kuhamia Texas, ambako Kanana alikuja kusomea shahada ya uzamili naye Samson akaanza kazi ya kuendesha malori ya masafa marefu.

Mwaka 1997 marehemu aliajiriwa na kampuni ya mitambo ya simu huko Richardson, na mwaka 2000 akahamia kampuni changa ya Plano iliyokuwa na wazo ambalo watu wengi walilicheka, kwamba zile mashine ndogo za gemu ambazo watoto hushika mikononi zingeweza kuchomekwa kwenye simu kwa kisanduku kidogo cha kuunganishia, zikaingia kwenye intaneti, na mtoto wa mji mmoja akacheza na mtoto wa mji mwingine. Leo jambo hilo halimshangazi mtu, lakini siku hizo simu zilikuwa nzito, mtandao wake ulikwenda kwa kujikokota, na gemu zenyewe zilitengenezwa kwa watoto wawili walioketi bega kwa bega, waya mmoja mfupi kati yao. Gemu ikiuliza swali ilitaka jibu papo hapo, nalo jibu lililopitia minara ya simu lilichelewa, hivyo mashine ikaamini mwenzake ameondoka na mchezo ukakatika. Kanana na mwenzake Zéphyrin, fundi kutoka Lubumbashi, walihangaika na kasoro hiyo muda mrefu, hadi Februari 2002 kampuni ilipofunga mradi kwa kusema hakuna mzazi atakayenunua kitu kinachokatika-katika. Kanana alimwendea mkubwa wake akamwambia, "Nipe visanduku vilivyobaki, nivimalizie nyumbani." Yule bwana akamjibu, "Vichukue, Kanana, lakini hakuna anayevisubiri." Akavibeba akaviweka gereji.

Mwezi wa Aprili mwaka huo, Kendi alianza kupata mwilini michubuko isiyo na sababu, na madaktari wakasema ni saratani ya damu. Dawa za kwanza hazikushinda. Ikaamuliwa apandikizwe uboho Houston, na walipopima damu ya nyumba nzima, aliyelingana naye alikuwa Kirimi, mtoto wa miaka saba, ambaye alikubali kabla swali halijaisha, akatolewa uboho mwezi wa Oktoba, na baada ya kupona kidonda akarudishwa Grand Prairie kwa baba yake, kwa kuwa watoto hawakuruhusiwa kuingia wodi ile.

Wale mliopitia mambo hayo mnajua kipindi kinachofuata. Kendi alikaa peke yake katika chumba cha kutengwa, mama yake akimwona kupitia kioo, au akiingia kwa barakoa na gauni la hospitali, na dawa zikamtia vidonda kinywa kizima hata asiweze kumeza mate. Kirimi alipopiga simu ya mezani ya chumbani, muuguzi alimwekea Kendi sikioni, naye akasikiliza, machozi yakamtoka, asiweze kutamka neno, kisha akaanza kuisukuma simu kwa mkono. Baadaye akageukia ukutani. Hakutaka hadithi wala televisheni, na daktari mmoja alimweleza Kanana waziwazi kwamba uboho ulikuwa umeanza kushika, lakini mtoto mwenyewe alikuwa ameacha kupigana.

Kanana hakulia mbele ya daktari. Alimpigia Samson akamwambia, "Baba Kendi, ingia gereji, visanduku viwili vilivyo juu mpelekee Zéphyrin, vile vingine niletee Houston kesho." Samson aligeuza lori alilokuwa ameshapakia, akamwomba dereva mwenzake alichukue.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa hospitali yenyewe, kwa sababu simu za mkononi zilipigwa marufuku karibu na mitambo ya wagonjwa, na sheria hiyo ilikuwa na maana yake. Hapo ndipo Mungu alipomleta Bi Badria, muuguzi kutoka Mombasa, ambaye leo yuko nasi hapa. Kanana alimwambia anataka kupeleka simu kwa Kendi, Badria akamkatiza, "Simu haiingii humu, dada yangu, hata ungekuwa nani. Lakini waya je? Waya hauna marufuku." Wakaenda pamoja kwa mafundi wa hospitali, wakapima, wakakubaliana simu ikae chumba cha wageni mwisho wa korido, na waya uliosafishwa kwa dawa upite chini ya mlango hadi kitandani.

Waya mrefu kiasi hicho ulidhoofisha mawimbi, mchezo ukakatika hata kabla haujaanza. Kanana akachomelea upya kisanduku kwenye meza ya kulia chakula ya nyumba ya wazazi wa wagonjwa. Ukakatika tena. Kutoka Grand Prairie, Zéphyrin akamwambia kwa simu nyingine, "Mama Kendi, hapa kwangu iko muzuri, ni kule kwako njo inakatika. Pumzika kwanza." Akamjibu, "Nitapumzika mtoto akicheza." Ndipo akaacha kutafuta namna ya kuuharakisha mtandao, kwani mtandao haukuwa wake, akashughulika na kungoja kwenyewe, akakifundisha kile kisanduku kuijibu gemu kila ilipouliza, kuiambia kwamba mwenzio yupo, anakuja, endelea kusubiri, hadi jibu la kweli lifike kutoka mbali. Kwa gemu ya mbio isingefaa, ila kwa ile gemu ya shamba ambayo kampuni yao iliiandika, ya kupanda na kuvuna kwa zamu, kuchelewa hakukuharibu kitu.

Jumapili mchana, Kendi akiwa amegeukia ukutani kama kawaida, mama yake aliiweka mashine ya gemu kitandani karibu na mkono wake. Kioo kiliwaka. Kwenye shamba likatokea jina la Kirimi, aliyekuwa nyumbani kwa Zéphyrin, kisha mahindi yakapandwa upande wake, halafu mengine, halafu akavuka mpaka akapanda upande wa dada yake, jambo ambalo siku zote lilimuudhi Kendi. Mtoto alitazama kwa muda, akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza. Wakaenda hivyo, huyu akicheza, yule akingoja, na Kanana amesimama na barakoa yake akiogopa hata kukohoa, mpaka Kendi, ambaye hakuwa ametamka neno kwa wiki nzima, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mom, he's cheating," yaani mama, huyu anafanya hila mchezoni. Kanana alitoka nje akaegemea ukuta wa korido, na Bi Badria anasema hapo ndipo alipomwona akilia mara ya kwanza.

Kendi alitoka hospitali tarehe 20 Desemba 2002. Dawa na uboho ndivyo vilivyomponya, na marehemu alikasirika kila aliposikia mtu akisema vinginevyo. Lakini wazazi wa vyumba vingine walikuwa wameshauona ule waya, wakaomba, naye hakuweza kuwanyima. Kwa miaka iliyofuata, baada ya kazi yake ya kila siku, yeye na Zéphyrin walitengeneza visanduku vya namna hiyo kwa watoto waliolazwa Houston, Dallas na Fort Worth, hadi mashine mpya zikaja na mtandao wake ndani na visanduku havikuhitajika tena. Mtu alipompa pole, alicheka akasema, "Pole ya nini? Sasa kila mtoto anacho."

Marehemu aliendelea na uhandisi wa mitandao ya simu hadi Novemba 2023, alipogunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alipokea matibabu kwa moyo ule ule, akaendesha gari mwenyewe hadi alipokatazwa, akamwona Kirimi akioa na kumpakata mjukuu aliyepewa jina lake, Kanana mdogo. Ndugu wa Igoji walipotaka mwili urudishwe nyumbani, aliwaambia kwa upole kwamba Igoji anaipenda, lakini, "Nizikeni mahali ambapo watoto wangu watafika kwa gari baada ya kazi." Alifariki nyumbani kwake, Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, mume na watoto wake wakiwa wamemzunguka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi Badria na jumuiya ya Waswahili wa Houston, Bwana Zéphyrin, majirani waliotulisha siku zote hizi, wafanyakazi wenzake, madereva wenzake Samson, na kanisa hili.

Mama Kendi, ulitusukuma sote mbele, na wewe hukukaa chini. Kazi tumeipokea. Sasa lala, mama, upumzike kwa amani.