Dada Yetu Kocha: Umbali Kwanza, Kasi Baadaye

Dada yetu, kocha tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 4 Mei 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alisoma shule ya msingi mtaani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1983 akahitimu chuo cha ualimu wa michezo. Kuogelea alijifunza katika bwawa la manispaa akiwa na miaka kumi na minne, umri ambao wenzake walishabeba vikombe. Hakuona haya.

Alianza kufundisha bwawani hapohapo mwaka 1984, na mwaka wa kwanza aliharibu. Alitaka kasi tu. Kila jioni mita hamsini hamsini, mbio kali. Siku ya mashindano vijana wake waliongoza mita mia mbili za mwanzo, kisha wakapitwa mmoja mmoja hadi wa mwisho. Aliwakusanya akawaomba radhi, jambo ambalo makocha hawajalizoea. "Kosa ni langu," aliwaambia. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Tangu hapo umbali ukatangulia: wiki sita za mita mia nne mara tano kwa mwendo uleule, kisha mia mara kumi, pumziko sekunde kumi na tano, na kasi mwishoni kabisa, hamsini mara nane kwa nguvu zote. Mimi mdogo wake ninayesoma haya niliwahi kugeukia katikati ya bwawa nikidhani haoni. Alitazama saa, akanipongeza kwa kasi yangu mpya, akaniomba nirudie zote tano ili afurahi vizuri.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 na fundi pampu wa bwawa. Shemeji husimulia kwamba alipomposa, aliambiwa angoje kwanza watu wamalize mita mia nane. Akangoja. Walijaliwa mabinti wawili.

Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wakati huo alikuwa akimwandaa msichana mmoja kwa mita elfu moja na mia tano, mbio ambazo kikosi chake hakijawahi kushinda. Kocha mwingine alimkataa binti huyo kwa sababu huchelewa kushika kasi. Wenzake humwita Konokono. Dada alimfundisha akiwa kitini, na alipolazwa aliandika mazoezi kitandani, shemeji akayapeleka bwawani. Hakuogopa kufa. Aliogopa kifo chake kisije kikamharibia binti yule kazi ya miezi minane.

"Nikifa wiki ya mashindano, waogeleaji wangu wasije kunizika," alituambia. "Waende wakaogelee. Kulia watalia wakishamaliza."

Alifariki Jumanne, tarehe 15 Oktoba, saa nne asubuhi. Mashindano ni leo. Sisi ndugu tulipinga, tukiuliza watu watasema nini, na Konokono mwenyewe aliapa hatatia mguu majini. Shemeji alikwenda bwawani akawasomea waogeleaji zoezi la mwisho lililoandikwa kwa mkono wa mkewe. Wakaliogelea lote.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja na waogeleaji kumi na wanne. Tunajivunia kuwa wake.

Viti kumi na vinne vya mbele viko wazi kwa amri yake. Naomba asivikalie mtu. Saa hii Konokono yuko majini.

Dada, Mungu akupumzishe kwa amani.