Nilikataa Kuweka Kidevu

Zimeni hiyo redio, mkae wote mahali nitakapowasikia. Fuatino, binti yangu, kaa mkono wangu wa kulia. Iakopo, wewe ndiye mkubwa, kaa mbele yangu, na usiniitikie kwa sauti ya kunibembeleza, maana nimebembelezwa vya kutosha katika nyumba hii. Daktari amewaambia nje huko kwamba figo zangu zimekwisha, nami nilisikia, masikio bado mazima. Basi nasema maneno yangu ya mwisho, na sitayapamba. Nina kinyaa, wanangu, kimenijaa mpaka hapa kooni, na kinaanzia kwangu mimi mwenyewe.

Shamba la magimbi la juu alilime Fuatino na wanawe, asije binamu yeyote kutoka mjini Apia kumsumbua. Nguruwe wale wawili wakubwa ni wa mazishi yangu, wanatosha. Atakayeniletea makasha ya nyama ya kopo na soda, ayarudishe kwake, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonilaza hapa.

Sasa sikilizeni habari ya macho. Siku walipogundua nina kisukari, yule muuguzi wa zahanati yetu aliniambia, "Mzee, macho yapimwe kila mwaka, hata kama unaona vizuri." Nilimcheka. Nilikuwa namwona ndege juu ya mshelisheli wa mchungaji, na mimi ni chifu, mwenye jina la ukoo, nani aniambie sioni? Nikaendelea kunywa kakao yangu na vijiko vinne vya sukari. Zilipoanza nyuzi nyeusi kuelea mbele ya jicho, nikasema ni moshi wa jikoni. Shangazi yenu akanitilia maji ya majani, jicho likawaka siku tatu, nami nikamshukuru, mjinga mimi.

Halafu ikaja ile siku ya wageni. Mnaikumbuka. Nimeegemea nguzo yangu ya uchifu, nimeletewa kikombe cha ava, kinywaji chetu cha heshima, mbele ya machifu wa vijiji vitano, na desturi ni kumwaga tone moja chini kwa ajili ya Mungu kabla ya kunywa. Nilinyoosha mkono nikakikosa kikombe, nikakipiga, ava yote ikamwagika kwenye mapaja ya mgeni. Mulitalo, msemaji wetu, hata hakupepesa. Akasimama na fimbo yake akatangaza, "Chifu wetu amempa Mungu kikombe kizima." Watu wakapiga makofi. Na mimi, wanangu, nilifurahi. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, na hakuna hata mmoja wenu aliyesema, baba, huoni. Mliiita heshima. Mimi leo naiita uchafu, na Mulitalo akija kulia hapa mwambieni nilisema hivyo.

Mwaka uliofuata mama yenu, Mungu amrehemu, alinilazimisha kwenda Apia, madaktari wa macho walikuwa wamekuja. Daktari alisema mishipa nyuma ya macho inavuja, lakini kuna mwanga wa kuichoma, macho yanaweza kuokolewa yote mawili. Yote mawili, mmesikia? Kulikuwa na mashine, unaweka kidevu hapa na paji la uso pale. Msichana mmoja muuguzi akaja akasimama juu yangu nimekaa, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Tulia hapo, mzee." Nikamuuliza kwao wapi. Akataja kile kijiji tulichogombana nacho mpaka wa shamba. Wanangu, niliinuka. Nilimwambia kichwa changu hakishikwi na mtoto wa watu wale. Nikapanda meli nikarudi kisiwani kwetu, mama yenu analia njia nzima, na nilijiona mwanamume.

Mwaka haukuisha, damu ikamwagika ndani ya jicho la kulia, na la kushoto likafuata. Uso wa mama yenu alipokuwa anakufa sikuuona. Nilipapasa. Kwa ajili ya kidevu.

Nimefika kwako, Iakopo. Jana kwenye sala ulisoma zaburi. Mimi zaburi ile naijua yote, na ulisoma mstari ambao haumo. Uliutunga. Nilifanya hivyo kanisani miaka miwili nimeshika kitabu, kwa hiyo najua sauti ya mtu anayesoma ukurasa asiouona. Na nguruwe wa jirani uliyemgonga na gari mchana kweupe, ukasema kakurukia. Sindano zako za sukari unachoma unapokumbuka. Unanichefua, mwanangu, kwa sababu ni mimi mtupu.

Usinijibu. Madaktari wa macho wapo Apia tena, kesho ndiyo siku yao ya mwisho. Meli inaondoka saa nane. Utaipanda leo.

Najua unalolifikiria. Mtoto mkubwa kuondoka baba akikata roho, kijiji kitasema nini. Kiseme. Ukoo usimpe Iakopo jina langu la uchifu mpaka alete karatasi ya daktari, na kila mwaka ailete tena, awe anaona au haoni. Fuatino, nawe nenda watakapokuja tena, na wengine wote mliovuka arobaini. Jueni sukari yenu, jueni presha yenu, na msitie majani machoni.

Yule msichana wa mashine bado yupo pale Apia, sasa ndiye mkubwa wa wauguzi. Iakopo, chukua ule mkeka mwembamba alioufuma mama yako, ule wa manyoya mekundu. Jifunike nao kichwani mbele yake, kama tunavyoomba msamaha sisi, useme umetumwa na baba yako. Akikaa kimya, kaa hivyo hivyo mpaka aufunue mwenyewe.

Maji kidogo, Fuatino. Basi.

Mungu awape... awape miaka, na kuona nyuso za wajukuu. Msigombane. Mulitalo... mpeni chakula, ni mzee.

Wakikuuliza, Fuatino, mkubwa yuko wapi, sema baba kamtuma. Sema kwa sauti.

Iakopo. Bado uko hapa, nakusikia unapumua. Usinishike mkono.

Nenda.

Hizo... hizo ni kokoto za nje? Ni yeye anayekanyaga? Fuatino, niambie kweli.