Kikombe cha Griffin na Pua ya Bi Dinah

Wasikilizaji wapendwa, Alhamisi iliyopita, kijijini Hewani, baada ya mazishi, mtoto wa miaka mitano alipewa kikombe cha maji. Hakunywa. Alikiinua, akakinusa, akakielekeza kwenye mwanga, akachungulia ndani, akanusa tena. Ndipo akanywa. Waombolezaji waliokuwa jamvini walimtazama. Mmoja akacheka, akafuata wa pili, na kilio cha siku tatu kikakatizwa na kicheko cha watu wazima. Walimjua vizuri aliyemfundisha mtoto yule. Walikuwa wametoka kumzika.

Leo tunamkumbuka Bi Dinah Godhana. Mkulima wa Hewani, mama yake Silas, nyanya yake Griffin. Ametutoka akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Kwa ndugu aliyefungua redio sasa hivi, narudia: ni Dinah Godhana, wa Hewani, hapa Tana River.

Bi Dinah alilima mpunga na ndizi katika udongo ambao mafuriko huuleta na mafuriko huuchukua. Lakini kwa miaka ishirini na miwili alikuwa pia na kazi nyingine. Alifanya usafi katika zahanati moja ndogo, ambayo ilishafungwa, na fungu lake kubwa lilikuwa kuosha vyombo vya kulishia watoto. Kazi hiyo ilimwachia pua isiyoamini kitu. Dada yake, Bi Dorothy, anatusimulia: "Dinah alikuwa akisema, binadamu hukudanganya kwa maneno, kikombe hukudanganya kwa kung'aa. Mimi, dada yake wa tumbo moja, nikimpa chai, kwanza ainuse! Nikamwambia, siku nikitaka kukuua, wewe Dinah, sitapoteza majani ya chai."

Aliyeionja shuku hiyo kwa karibu kuliko wote ni mkaza mwanawe, Kache. Kache ni binti wa Kigiriama, wa wakulima waliohamia upande wa Kipini. Ni mwalimu wa chekechea mjini Garsen. Miaka minne iliyopita alikuwa nyumbani Hewani na Griffin, mtoto wa miezi kumi, akihesabu siku. Likizo yake ilikuwa inakwisha. Siku tisa zilibaki shule ifunguliwe, na mambo mawili yalikuwa hayajakaa sawa. Mtoto alikuwa na upele wa nepi usiopona. Na mtoto alikataa kunywa kwa kitu chochote isipokuwa titi la mama yake.

Kache alikuwa amenunua kikombe sokoni Garsen. Kikombe cha plastiki, cha buluu, chenye mfuniko na mdomo mdogo wa kunyonyea. Angekamua maziwa asubuhi, mtoto anywe akiwa na nyanya yake. Ndivyo alivyopanga. Bi Dinah alikipokea kikombe kile kwa vidole viwili. "Mwalimu," alisema, na alimwita Mwalimu pale tu alipokuwa hajaridhika, "kitu hiki kinaficha nini humu ndani?"

Griffin naye aliung'ata mdomo wa kikombe, akavuta, akalia, akakitupa.

Upele ndio uliofungua mlango wa shuku. Asubuhi Kache alimpaka mtoto mafuta ya mgando, akamnyunyizia poda yenye manukato juu yake. Adhuhuri, alipofungua nepi, mafuta hayakuwapo. Ngozi ilikuwa kavu, nyekundu, na ilikuwa na harufu chungu. Akanusa tena. Mwarobaini. Siku ya pili alifunga uzi mwembamba kwenye mfuniko wa kopo la mafuta, ajue kama kuna mkono unaoligusa. Uzi haukukatika. Hilo likamtia wasiwasi zaidi. Kumbe mtu huyu haibi mafuta, aliwaza. Anayafuta.

Upande wa pili wa ua, Bi Dinah naye alikuwa na ushahidi wake. Alizikagua nepi kwenye kamba moja moja, akizinusa kama mnunuzi wa samaki asiyemwamini muuzaji. Alimwambia Bi Dorothy: "Yule anampaka mtoto marashi kama bibi harusi. Kisha anashangaa ngozi kuungua."

Silas, baba wa mtoto, hufanya kazi Hola. Anakumbuka simu za siku zile: "Mama ananipigia, usimwambie mkeo. Mke wangu ananipigia, usimwambie mama. Mimi niko Hola, mtoto yuko Hewani, na siri zote zimejaa kwangu!"

Ijumaa, siku ya nne, Kache alimwambia mumewe kwa simu neno zito zaidi. Upele huu usipotulia kufikia Jumapili, na kikombe kisipokubaliwa, mtoto atapelekwa Kipini, akalelewe na mama yangu. Alisema kwa sauti ya chini. Lakini ukuta wa udongo hausitiri maneno, na nyuma ya ukuta ule Bi Dinah alikuwa akichambua mchele. Kwa siku tano zilizokuwa zimebaki, kila mwanamke alijua kinachopiganiwa. Kache aliogopa kumwacha mwanawe katika mikono asiyoiamini. Bi Dinah aliogopa kubaki na ua usio na mtoto.

Jumamosi asubuhi, kikombe kilitoweka.

Kache alikitafuta jikoni, kwenye kichanja cha vyombo, chini ya kitanda. Alitazama hata upande wa mtoni. Akamkuta Bi Dinah nyuma ya jiko, ameketi, Griffin uchi mapajani mwake.

"Mama, kikombe cha mtoto kiko wapi?"

"Kimelazwa."

"Kimelazwa wapi?"

"Wodini. Sogea, umwone mgonjwa wako."

Juu ya ungo, kikombe kilikuwa vipande vinne. Mwili, mfuniko, mdomo, na kipande kidogo cha mpira ambacho Kache hakuwahi kujua kuwa kimo. Kipande hicho hukaa ndani ya mdomo, kuzuia maziwa yasimwagike. Bi Dinah alikuwa amekichokonoa kwa mwiba wa mti wa mathenge. Chini yake palikuwa na utando mweusi wenye harufu ya maziwa yaliyochacha. Wiki moja tu ya matumizi. Kila siku Kache alikuwa amekiosha kikombe kile kwa sabuni hadi kikang'aa.

Kache anatuambia kwamba aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu ikafuata hasira. "Sawa, Mama. Kikombe umekishika. Na mimi nikushike wewe. Unamwosha mtoto kwa mwarobaini nikigeuka."

"Namwosha. Nayatoa marashi yako."

"Na mimi nautoa mwarobaini wako!"

Wasikilizaji wapendwa, hapo Bi Dinah akauliza polepole, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Kwa siku, mara ngapi?"

"Mara tano. Na wewe?"

"Sita."

Mara kumi na moja. Makalio ya mtoto wa miezi kumi yalisuguliwa mara kumi na moja kwa siku, na watu wawili waliompenda, kila mmoja akiufuta mkono wa mwenzake. Bi Dorothy, alipoisikia habari hiyo, alisema: "Kikulacho ki nguoni mwako. Na mtoto wenu alikuwa akiliwa na nepi, na mama, na nyanya."

Siku ileile walikwenda kliniki Garsen, wote wawili, kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake aende peke yake. Muuguzi, Sista Batula, alimtazama mtoto, kisha akauliza: "Nani anayemtibu?"

"Mimi," walijibu kwa pamoja.

"Basi huyu hana ugonjwa mkubwa. Ana madaktari wengi."

Aliyowaambia yalikuwa machache. Nepi ibadilishwe mara inapolowa. Mtoto aoshwe kwa maji safi, akaushwe kwa kugusagusa, asisuguliwe. Aachwe uchi kwa muda, ngozi ipate hewa. Poda iachwe, manukato yaachwe, majani yaachwe, na ile nailoni ya kufunika nepi iachwe. Kwenye mikunjo aliona vipele vya fangasi, akatoa dawa ya kupaka kidogo, na juu yake krimu nzito ya zinki. "Krimu iliyobaki ikiwa safi, msiikwangue. Ongezeni juu yake. Akipata homa au usaha, mrudi kwangu mara moja." Kisha akawatazama wote wawili. "Na anayepaka, apake mwenzake akiona."

Sharti hilo la mwisho ndilo lililoingia nyumbani na kukaa. Kache alipaka, Bi Dinah akitazama. Bi Dinah alifua nepi, akazisuuza mara tatu, Kache akitazama. Jumatatu wekundu ulikuwa umefifia. Jumatano ngozi ilianza kurudi.

Na kikombe? Bi Dinah alikichemsha, akakiunganisha tena, ila kile kipande cha mpira hakukirudisha. Maziwa sasa yalidondoka kidogo, pasipo kuvutwa kwa nguvu. Griffin aliung'ata mdomo ule kama kawaida yake, akajiandaa kulia, tone likaingia. Akatulia. Akavuta. Kumbe siku zote hakuwa mkaidi. Alikuwa akinyonya, na hapati kitu.

Shule ilipofunguliwa, Kache alipanda bodaboda kwenda Garsen. Griffin alibaki Hewani. Nisiwadanganye kwamba shuku iliisha siku hiyo. Kache anakiri kwamba juma la kwanza alirudi adhuhuri bila taarifa, mara mbili, akitembea kwa nyayo za paka. Mara zote mbili alimkuta Bi Dinah mlangoni, kikombe kikiwa vipande vitatu juu ya ungo. "Karibu, Mwalimu. Kagua."

Mwaka huu, mwezi wa pili, Bi Dinah alipatwa na kiharusi. Maneno yalimpotea, na upande mmoja wa mdomo haukuweza tena kuzuia maji. Uji wa bakuli ulimwagika, maji ya bilauri yakampalia. Kache alikwenda sokoni Garsen akarudi na kikombe cha plastiki, chenye mfuniko na mdomo mdogo. Alikijaza maji, akakisogeza. Bi Dinah alifumba midomo. Silas akabembeleza, Bi Dorothy akabembeleza. Alifumba midomo, na macho yake yakamganda Kache.

Kache akaelewa. Aliyamwaga maji. Aliketi mbele yake, akafungua mfuniko, akatoa mdomo, akakichokonoa kipande cha mpira, akavipanga vyote juu ya ungo. Alinusa kimoja kimoja. Kisha akamsogezea mama mkwe, pua yake ikanusa. Mpira ukawekwa kando. Kikombe kikafungwa tena, kikajazwa maji.

Bi Dinah akanywa.

Ilikuwa hivyo kwa siku arubaini na moja, kila kikombe, mpaka alipofumba macho.

Kwako Silas, kwako Bi Dorothy, kwako Mwalimu Kache, na kwako Griffin uliyetuchekesha siku ya huzuni: sisi wa redio hii tunaomboleza pamoja nanyi, na tunamwomba Mungu ampumzishe Bi Dinah mahali ambapo hapana cha kukagua.

Nawe unayesikiliza, huenda chini ya paa lako yupo mtu unayemchunguza kimyakimya, unayemfungia uzi kwenye mfuniko. Pengine yeye naye amekufungia wako. Leo chukua kikombe chako, kifungue mbele yake, umpe anuse.